Siku Niliyomlilia Guka Akiwa Dukani Thika

Hili nitalisimulia mara moja tu, na nikimaliza tafadhali mtu asiniulize maswali, kwa sababu mpaka leo nikikutana na mwalimu mkuu wetu kwenye korido natafuta kitu cha kutazama sakafuni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Gitothua, Ruiru, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kusikia kosa nikanyamaza. Mtu akisema "hii kitabu" mwili unaniwasha, mtu akiniambia "nakuja" huku anaondoka namuuliza anakuja wapi, na mama mboga wangu siku hizi ananipungia mkono tu, hazungumzi, tangu nilipomwambia nyanya "ziko," si "iko" (na alikuwa ameniongezea mbili za bure).

Lakini aliyeumia zaidi ni Tata Wanja, dada wa mama yangu, anayeishi Gatuanyaga na Guka, yaani babu yangu, mzee wa miaka themanini na kitu. Tata alikuwa akinitumia ujumbe mrefu kwenye simu, habari za ng'ombe, za mvua, za kanisani, na mimi badala ya kujibu habari namrudishia masahihisho, naye akawa anapunguza maneno, anapunguza, mpaka ikawa mistari miwili. Siku moja aliandika jirani yao "amekufa." Nikamwambia mtu hafi kama kuku, Tata, lugha ya heshima ni "ametuacha." Akajibu, "Sawa mwalimu." (Mimi mtoto wa dada yake, ananiita mwalimu, na wala sikuona ubaya.)

Basi Jumatano moja, saa nne, niko ofisini na walimu wenzangu, chai mkononi, simu ikalia. Tata ameandika: "Guka ametuacha. Njoo haraka."

Na hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, kwa sababu jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ameandika vizuri. Ndipo maana ikanifikia, nikaweka kikombe chini nikakosa meza.

Nikampigia Tata, hapatikani. Nikampigia Kamau, kijana wa bodaboda anayewabebea mizigo.

"Kamau, umemwona Guka?"

"Ndiyo mwalimu, nimembeba asubuhi mapema. Nimemwacha Thika."

Sikuelewa. Umembeba kwa pikipiki? Peke yako? Nikamuuliza alikuwa katika hali gani.

"Alikuwa ametulia tu. Hakusema kitu njia yote."

Nikakata simu, na nikiwa bado najiuliza ni familia gani inapeleka mzee wake mochari kwa pikipiki, nikafungua grupu la ukoo nikaandika aya tatu za kumuaga Guka, Kiswahili kilichonyooka, nikalia juu ya simu nikatuma. Mwalimu mkuu akasema hawawezi kuniacha niende peke yangu. Tukaingia kwenye gari lake, yeye na walimu watatu, tukasimama njiani kununua mikate, sukari na maziwa, tukashika barabara ya vumbi hadi Gatuanyaga.

Tata alitupokea kwa mshangao. Alitazama gari, akatazama mikate, akaniuliza pole pole kama nimefutwa kazi, ndiyo maana shule imenisindikiza. Nikadhani ni huzuni imemchanganya, nikamkumbatia. Mwalimu mmoja, mzee wa kanisa, akaanza kuomba, akashukuru kwa maisha marefu ya Guka, na Tata akaitikia amina kwa nguvu kabisa, na macho yake makavu. Wakati huo majirani nao walikuwa wanaingia, mmoja na sufuria kubwa kichwani, kwa sababu zile aya zangu zilikuwa zimeshafika kila simu ya kijiji isipokuwa ya Tata, ambayo haikuwa na chaji.

"Tata," nikamnong'oneza, "amewekwa wapi?"

"Nani?"

"Guka."

"Sijui. Si ndiyo nimekuita? Madaktari wa macho wako kanisani leo tu, na yeye ameamka akatoroka, kwa sababu anaogopa kuguswa macho. Wewe ndiye anakusikianga."

Hapo hapo pikipiki ya Kamau ikaingia, na nyuma yake ameketi Guka na gambuti mpya za kutoka dukani Thika, viatu virefu vya mpira, chini ya kwapa. Akashuka. Akatazama watu, akavua kofia.

"Nani amekufa?"

Mwenye sufuria akaitua chini. Akauliza tena.

"Ni wewe, Guka," Kamau akasema. "Mwalimu ameandika kwa simu."

Guka akaagiza kiti, akaketi, akaniambia nimsomee. Nikamsomea aya zote tatu, nimesimama mbele ya watu wote, mwalimu mkuu anatazama miti. Guka alisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno mazuri hivyo," akasema, "ulikuwa unaniwekea mpaka nife kwanza?"

Nikamgeukia Tata, nikamuuliza kwa nini hakuandika tu kwamba ametoroka, na si nilimfundisha maana ya "ametuacha."

"Umenifundisha mengi, Njoki. Sikushika yote," akasema. "Nilitaka kuandika ametuacha kwa nyumba akaenda mahali hatujui, na madaktari ni ya leo. Nikajua hapo kuna makosa. Nikaandika ile fupi."

Madaktari tuliwawahi, Guka akishikwa mkono na mimi upande mmoja na mwalimu mkuu upande wa pili, na mikate ikaliwa yote. Lakini mimi nimeapa: makosa nitayasahihisha darasani, kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Nje ya geti la shule kila mtu aseme anavyojua, mradi aniambie yote.