Gaudiosa na Kesi ya Ndugu wa Mwazye

Gaudiosa ni mzaliwa wa kijiji cha Pito, na kazi yake hata dada zake hawaielewi vizuri. Mtu akishakiri kosa mahakamani, wakili humtuma Gaudiosa kijijini akayatafute maisha yake: alilelewaje, alipitia nini, watu wake wanamfahamu vipi. Anayoyapata, wakili humweleza jaji kabla adhabu haijatolewa. Vijijini wengi humwona ni mtu wa kuwatoa wauaji. Amezoea kuachwa amesimama uani bila kupewa kiti.

Mwaka juzi wakili Zenon alimpa kesi ya Teodori, mkulima wa kijiji cha Mwazye. Teodori na mdogo wake Leonsi waligombania maksai wa kulimia, kila mmoja akitaka waanzie shambani kwake. Teodori akampiga mdogo wake kichwani kwa mpini wa jembe. Leonsi alifia njiani wakimpeleka zahanati. Teodori alikiri kuua bila kukusudia, na hakutaka kuongeza neno.

"Nimemuua," alimwambia Gaudiosa gerezani. "Unatafuta nini tena?"

Gaudiosa akaenda Mwazye. Alimkuta mama yao, Kalista, anapepeta ulezi kwenye upepo wa baridi wa Julai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alipomjua mgeni ni nani, aliweka ungo chini. "Nikimtetea huyu, yule nitakuwa nimemzika mara mbili. Wote nimewazaa mimi. Nenda, mwanangu."

Gaudiosa hakwenda. Alichukua ungo mwingine akaanza kupepeta naye. Walifanya kazi mpaka rundo likapungua. Ndipo akasema taratibu kwa Kifipa, lugha ya kwao wote wawili, "Sikuombi umtetee, mama. Nisimulie tu walivyokua."

Kalista alianza na Leonsi: alivyochelewa kutembea, alivyokuwa akiwachekesha watu kanisani. Lakini kila alipomsimulia Leonsi, Teodori alikuwemo. Baba yao alipofariki, Teodori ndiye aliyeacha shule akashika plau ili mdogo wake asome. Kwenye harusi ya Leonsi, Teodori ndiye aliyesimama mahali pa baba. Hapo mama akajifunika uso kwa kanga.

"Naweza kuyapeleka haya mahakamani?"

"Muulize Silvana. Aliyefiwa na mume ni yeye."

Silvana alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, amesikia yote.

"Yapeleke," alisema. "Lakini mumtaje Leonsi kwa jina. Siku ile ya kukiri, mahakamani ilikuwa marehemu, marehemu, kama vile hakuwa mtu."

Siku ya hukumu Kalista na Silvana walikuja wote wawili. Zenon alimtaja Leonsi kwa jina, akaeleza jinsi ndugu hao walivyoleana. Teodori, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, alilia kwa sauti mpaka askari akamshika bega. Wakili wa serikali alikuwa ameomba adhabu kali. Jaji akampa miaka sita.

Nje, Silvana alipita bila kumtazama mtu, akaelekea stendi. Gaudiosa alimwangalia akitokomea, asijue kama amemsaidia au amemtonesha kidonda.

Kalista alibaki karibu na gari la magereza alimopandishwa Teodori.

"Mwanangu," aliuliza, "huko ndani wanaruhusu sweta?"

"Sijui, mama. Twende tukaulize."

Akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea gerezani.