Bukta Zilizo Ndani ya Begi

Begi la kupigia ngumi la klabu yetu pale Kitangiri halina mchanga hata chembe. Ndani yake kuna bukta. Bondia yeyote wa Kocha Muganyizi akipigwa ulingoni, Jumatatu huja na bukta aliyopigwa nayo, haijafuliwa, ina damu yake, akafungua kamba ya begi mbele ya wenzake na kuishindilia ndani. Kisha yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kulipiga. Zangu zimo mbili na sioni aibu kusema.

Shigela Mihayo aliona aibu. Alikuwa mbeba magunia kwenye mashine ya mpunga, mwenye mabega mapana na kiburi kipana zaidi. Mwezi wa tatu bondia Shimba wa Butimba alimtandika hadi jino likatoboa mdomo wa chini, akaanguka kifudifudi raundi ya nne. Jumatatu alikuja mikono mitupu.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Bukta iko wapi?"

"Nimeichoma moto. Mimi siweki nguo yangu na matambara ya walioshindwa."

"Basi begi si lako," kocha akasema. "Asiyeweka hapigi."

Shigela akaapa mbele yetu: angerudiana na Shimba, na akipigwa tena angeacha ngumi kabisa. Akachota mchanga ziwani, akajaza gunia, akalining'iniza kwenye boriti aliyoilaza juu ya majabali mawili nyuma ya chumba chake. Mchanga ukipigwa hushuka na kushikana. Wiki ya pili, chini pamekuwa mwamba. Tulimwambia. Akajibu kuwa mifupa yake nayo itakuwa mwamba. Kila alfajiri alilipiga akitaja jina la Shimba, mpaka gunia likaota madoa mekundu usawa wa mbavu. Siku moja nilimkuta analipiga kwa kichwa. Nilimwogopa, lakini nilimpenda vilevile, ndiyo maana nilikubali kukaa kwenye kona yake siku ya marudiano.

Nilipokuwa namfunga bandeji, niligusa kifundo cha mkono wa kulia akavuta pumzi kwa meno. "Kaza tu," akasema. Nikakaza. Kosa hilo ni langu na ninalo mpaka leo.

Raundi ya kwanza alimvunja Shimba pua, damu ikaruka hadi kwenye meza ya majaji. Ya pili akarusha ngumi ya kulia kwa nguvu zake zote. Shimba akainamisha kichwa, ngumi ikatua kwenye paji la uso, na mimi nikiwa kwenye kona nikasikia mfupa ukikatika kama muhogo mkavu. Mjinga yule akapiga tena kwa mkono uleule. Shimba akaelewa. Akamfuata mbavuni, akarudi usoni, akamfumba jicho la kushoto, akampasua nyusi. Nilirusha taulo, Shigela akalipiga teke likatoka nje ya kamba. Mwamuzi alimaliza pambano akiwa amemkumbatia asianguke. Mkono ulivimba hadi ikabidi glovu ikatwe kwa kisu.

Jumatatu alikuja, mkono umefungwa hogo la plasta, jicho limefumba, bukta iko kwenye mfuko wa plastiki. Begi lilikuwa limejaa, kwa hiyo tukaanza kuvuta za zamani ili tupate nafasi. Ya tatu ilikuwa ya kijani, imekaukiwa na damu, na kwenye mpira wa kiuno imeshonwa kwa uzi mweupe: SHIMBA. Chini yake nyingine, jina lilelile. Na nyingine.

Shigela alisoma polepole kwa jicho moja. "Alikuwa hapa?"

"Miaka minne, kabla yenu," kocha akasema. "Amepigwa mara saba. Zote zimo."

Shigela akakaa chini kwenye vumbi akalia, na hakuna aliyemcheka. Kisha akainuka, akashindilia bukta yake juu ya zile za Shimba, akakaza kamba kwa meno. Mkono wake wa kulia aliuficha nyuma ya mgongo. Akalipiga begi kwa kushoto.