Simu Isiyovunjika

Mama alichagua simu kama anavyochagua sufuria: aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kijana wa duka la simu pale Albert Park, Durban, Mkongo mwenzetu, alikuwa amemtolea ndogo inayong'aa, ya kufunguka kama pochi ya bibi harusi. Mama akairudisha.

"Hii ni ya kwenda nayo disko. Nipe ile ingine."

"Ile nzito? Mama, ile ni tofali."

"Iangushe nione."

"Niangushe chini?"

"Sasa utaiangusha juu?"

Nikashauri tuipeleke kituoni Warwick, teksi ziikanyage kabisa tujue moja. Mama alinitupia lile jicho linalomaanisha chakula cha jioni kiko mashakani. Kijana akafumba macho, akaiachia. Ikagonga sakafu, ikaruka, ikatulia chini ya meza, taa yake bado inawaka. Mama akasema, "Hii iko mzuri."

Hatukuitaka kwa maringo. Vita vilipoanza tena kwetu, Baba alibaki Uvira kufunga nyumba, akasema atatufuata. Tangu tufike Durban hatukuwa tumesikia sauti yake. Simu ya ukutani kwenye jengo letu watu waliing'oa, zikabaki nyaya. Mama alitaka kitu ambacho Baba akikitafuta, atakikuta.

Kubeba karatasi yenye namba ya nje kungeweza kumponza mtu kwenye vizuizi vya wanajeshi, kwa hiyo Mama aliitia namba yetu kwenye wimbo wa kwaya. Kila aliyerudi nyumbani kupitia Lusaka aliketishwa jikoni, akalishwa fufu, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka aimbe bila kukosea. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuwa na sauti ya mbuzi. Nilisema Baba akimsikia atakimbilia msituni. Nilicheka peke yangu.

Simu ikakaa juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, inachajiwa kama mgonjwa anayetundikiwa maji. Kupiga, marufuku. Salio lilikuwa la siku ya hatari. Tulianza kuongea kwa kunong'ona pale sebuleni, na mara kadhaa nilimkuta Mama ameiinamia, ameiwekea sikio, nayo haijalia.

Ikapita Krismasi, ikapita Pasaka. Siku moja nilifunua kitambaa nikaona kioo kinasema hakuna mtandao. Tuliirudisha dukani. Mama alikuwa na hasira tayari.

"Umeniuzia simu mufu!"

"Simu iko mzima, Mama. Laini ndiyo imefungwa. Ulitia salio lini?"

"Tangu siku ile. Haijaisha! Hatujaigusa!"

Kijana akakuna kichwa. Akaeleza polepole kwamba laini isipotiwa salio muda mrefu, kampuni huichukua. Akatupatia nyingine, yenye namba mpya.

"Na ile namba yetu, iko wapi?"

"Pengine wamempa mtu mwingine."

Mama alikaa kwenye stuli ya wateja kama aliyeambiwa kuna watu wamehamia nyumbani kwake. Mimi nikabonyeza ile namba ya zamani. Nilitegemea ukimya. Ikaita.

Akaitika mwanaume, Kiingereza chake cha Kizulu. Nilipomwambia namba yake ilikuwa yetu, akashusha pumzi. "Eish. Basi ni ninyi. Kuna mtu hunipigia. Anasema alo, alo, halafu lugha siijui. Namwambia amekosea namba. Anapiga tena."

Nikamuuliza, "Mara ya mwisho lini?"

"Wiki iliyopita. Namba yake haionekani. Laini mbaya, kama yuko ndani ya pipa."

Nikamtafsiria Mama. Hakulia. Akaniambia nimpe yule bwana namba mpya, nikampa, akaniamuru nihakikishe ameiandika. Yule bwana akauliza: kama mtu yule hajui Kiingereza, atamwambiaje?

Basi nikamfundisha, pale dukani, wateja wananikodolea macho. Wako hai. Wako Durban. Kisha namba mpya, tarakimu moja moja. Akarudia kwa sauti nzito, "Wako hayi." Nikataka kucheka. Nikamwambia safi, sharp, rudia tena.

Mama akanivuta mkono.

"Mwambie aseme kwa nguvu," alisema. "Baba yako sikio la kushoto halisikii."