Ukaa Si Makaa

Nilivumilia mpaka siku shemeji aliponinyang'anya mundu. Mtoto alikuwa mgongoni, mzigo wa majani nimeshaufunga kamba, nimebakiza kujitwisha. Akatokea na koti la kijani la ulinzi walilompa wenye mradi wa msitu, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Shemeji, weka chini. Hapa pamefungwa."

"Pamefungwa na nani?"

"Hewa ya ukaa."

Nikamwambia amwite huyo Ukaa aje anikamate mwenyewe. Hakucheka. Akachukua mundu, akafungua kamba, akayamwaga majani yangu yakaukie palepale. Hapo nikapasuka. Nilimtukana mpaka mtoto akaanza kulia.

Kwetu, juu kidogo ya Olmotonyi, mashamba yamegawanywa kwa ndugu hadi hakuna pa kuchungia. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa wa bandani, na majani yake nilikata ukingoni mwa msitu, kama mama mkwe alivyofanya kabla yangu. Maziwa yake ndiyo yaliyotiwa kwenye uji wa mwanangu. Tangu ukingo ufungwe ng'ombe alikula migomba na mabua, ndiyo maana siku ile nikarudi kukata. Jioni ile nilikamua, kikombe hakikujaa.

Na kufunga huko tulikubali wenyewe, ndicho kilichoniuma. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, viwanda, mashamba ya umma, hata nyumba za serikali. Wakaja watu na gari kubwa wakasema hewa ya msitu wetu nayo ina mnunuzi Ulaya. Mtaalamu alizungumza Kiswahili cha vitabuni, mzee wa kanisa akawatafsiria wazee kwa Kiarusha. Aliposikia "ukaa" akadhani ni makaa. Akawaambia kwamba wageni wamekuja kukomesha wachoma makaa. Nani angekataa? Wachoma makaa walikuwa wanatumalizia msitu. Mimi mwenyewe neno hilo nilikuwa silijui, sekondari hewa hiyo tulifundishwa kwa jina la kaboni dayoksaidi. Tukapiga makofi, tukanyoosha mikono. Kumbe tulikubali msitu usiguswe kabisa, hata majani ya ukingoni.

Kabla giza halijaingia shemeji alikuja nyumbani, mundu wangu ameufunga kwenye gazeti. Akampa mama mkwe shikamoo.

"Marahaba, askari wa hewa," mama mkwe akajibu. "Kaa unywe chai ya rangi. Ya maziwa umeimwaga msituni."

Akainywa. Baadaye akasema kwamba hata mke wake alikuwa akikata palepale, na tangu amzuie hamsemeshi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo tu aliyopata baada ya kupunguzwa kiwandani. Akaniomba nikienda kushtaki nisimtaje. Nilikuwa nimekuja juu, lakini kwa hilo sikuwa na ubishi. Naye alidanganywa na neno lilelile.

Asubuhi nikaenda na barua kwa mtendaji wa kijiji. Akasoma, akasema mambo ya ukaa ni ya kitaalamu, mama, afadhali juu ya barua niandike "ombi", si "malalamiko". Nikamwambia aombaye ni mwenye shida ya chumvi, mimi nalalamika. Akaguna, akagonga muhuri. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Mimi, mkazi wa kitongoji cha juu, nalalamika kwamba tulikubali kuzuia makaa, hatukukubali kuzuia majani. Nataka mkutano uitishwe upya, neno ukaa lielezwe kwa Kiarusha na mtu anayelijua, ndipo tuulizwe tena. Mpaka siku hiyo nitakata majani ukingoni, mchana, kila mtu akiniona. Mti sitaugusa."