Nilimfungulia Faili Mchumba wa Binti Yangu

Nimekosea, na sina wa kumlaumu. Msinitafutie visingizio, mke wangu ameshavikataa vyote!

Mimi ni mstaafu, naishi Buruburu. Miaka yote ya kazi nilikuwa mchambuzi wa taarifa za kijasusi serikalini. Majirani walidhani ni karani wa wizara, nami nikawaacha wadhani. Msifikiri nilibeba bastola! Nilikaa mezani nikisoma ripoti za wengine, nikiunganisha vipande mpaka picha itokee. Na sheria ilikuwa moja: anayechunguzwa haulizwi kitu.

Kazi iliisha, lakini kichwa kilikataa kustaafu.

Binti yangu Mwende alipotuletea mchumba wake, Wafula, fundi wa umeme mpole kabisa, nilimfungulia faili. Ndiyo, faili! Daftari nililoficha nyuma ya Biblia. Nikagundua kila Jumamosi asubuhi anaenda mtaa wa Lucky Summer, nyumba ileile, amebeba maziwa na unga. Anatoka na mtoto wa kike mabegani, na mwanamke anawapungia mkono mlangoni. Wiki sita mfululizo! Nikaandika: ana mke na mtoto, uhakika mkubwa.

Eti uhakika mkubwa. Mjinga mimi!

Sikumwambia Mwende wala mama yake. Nilingoja siku ya posa. Watu wa Wafula walisafiri kutoka Bungoma na mbuzi watatu, vile mila yetu sisi Wakamba inavyotaka. Mbuzi wakafungwa langoni, wakaanza kula maua ya mke wangu. Sala ikaombwa, chai ikanywewa. Kisha nikasimama na daftari langu, nikasoma yote. Saa za kuingia, saa za kutoka, mpaka rangi ya leso ya yule mwanamke.

Mjomba wa Wafula aliweka kikombe chini polepole. "Mzee, huyo ni mjane wa ndugu yake. Mtoto hatembei. Wafula ndiye humpeleka kliniki kufanyishwa mazoezi ya miguu."

Mwende alikuwa anajua kitambo! "Baba, si ungeniuliza tu?" alisema huku analia. "Ama hata mimi uko na faili yangu?"

Ilikuwepo. Kurasa nne, tangu akiwa kidato cha pili.

Wageni waliondoka na mbuzi wao. Baadaye Mwende na Wafula walioana kanisani, na mimi sikualikwa. Mke wangu alienda, akarudi, hakunisimulia hata rangi ya gauni. Nimebaki kama mpangaji nyumbani kwangu, na inaniudhi sana, maana mwenye makosa ni mimi!

Leo mama mboga wa soko la Jericho amenipigia kelele, "Hongera babu! Mwende si amejifungua?" Nikacheka kana kwamba nilijua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi nimeletewa yote mawili.

Ni msichana ama mvulana? Sijui. Mke wangu yuko jikoni anakata sukuma wiki, anaimba peke yake. Zamani ningekaa hapa nisikilize simu zake mpaka nijue.

Wazazi wenzangu, ulizeni! Mtoto wako si adui wa serikali. Muulize akiwa bado anataka kukujibu.

Acha niweke kalamu chini. Naenda jikoni kuuliza.