Viatu Viwili vya Mguu wa Kushoto

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: sikukuu ya parokia, hapa Kalemie, nilipokimbia mashindano nikiwa na viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Usicheke bado.

Zawadi ya mshindi ilikuwa mbuzi. Mbuzi huyo nilikwisha kumwahidi Mama Feza, mwanika ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, pale ufukweni, ambaye binti yake nilimtaka. Nikaapa mbele ya watu kwamba nikishindwa, nisionekane tena mlangoni pake. Ujana una mdomo mrefu kuliko miguu.

Viatu vya duka sikuwa navyo. Nikapata kipande cha tairi kuukuu la gari, nikaenda kwa Papa Kalunga, fundi viatu, kuazima kisu. Akaniona nimekaa kitako, nachora mguu wangu kwenye kartoni na biro.

“Simama, mutoto! Muguu ya kukaa haiko muguu ya kukimbia. Ukisimama inapanuka. Na uchore yote mbili.”

“Papa, miguu yangu niko naijua. Tulizaliwa pamoja.”

“Haya. Mutaulizana kwenye barabara.”

Nikachora mmoja tu, wa kushoto, na kwa kartoni ile ile nikakata nyayo zote mbili bila kuigeuza. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, sitajinyima sifa: kisu nilikilowesha maji ya sabuni kisikwame kwenye mpira, matundu nikatoboa kwa msumari wa moto, kamba nikakata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Vyepesi kama majani! Ila kidole gumba cha kulia kilining’inia nje, na upande wa kidole kidogo mpira ukazidi. Nikajiambia utazoea. Mpira hauzoei mtu.

Tulipoanza, niliongoza, Mungu ni shahidi. Kisha kiatu cha kulia kikaanza kunivuta, kila hatua upande wa ziwa.

“Ule anaenda wapi?” mtu akapiga kelele.

“Anaenda kuoga!”

Majini sikufika. Kiatu kilijikunja, nikaanguka kifudifudi juu ya ndagala walioanikwa mchangani. Wa nani? Wa Mama Feza, mwanangu. Wa nani mwingine?

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilipona; yaliyovunjika ni maringo. Mama Feza akanitazama nilivyojaa visamaki hadi masikioni.

“Bwana-arusi amefika,” akasema. “Mbuzi iko wapi?”

Nikavua viatu, nikaanza kuokota ndagala na kuwaosha mchanga. Siku tatu nikawageuza juani, wapita njia wakinizomea. Siku ya nne akanisogezea sahani ya bukari, ugali wetu.

“Kula. Ule wa mudomo nilimukataa. Huyu wa kuokota, tunaweza kusemezana.”

Tulisemezana. Binti yake akanizalia watoto saba.

Basi sikia, nisizunguke. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini nyumba ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa mikono hii. Ukijitengenezea viatu, simama wima, chora miguu yote miwili, na utembee navyo siku nyingi kabla ya kukimbia navyo. Anayejua kazi akikusahihisha, funga mdomo, chora upya. Kartoni haina hasira. Na ukiharibu cha mtu, usikimbie: inama, okota.

Mungu akupe nyayo ngumu, magoti yasiyolalamika, na mama mkwe anayejua kusamehe.