Baba Alipokataa Kuchechemea

Asubuhi ile nilikuwa nikipepeta mahindi nje ya nyumba yetu, kwenye shamba la mzungu mmoja kati ya Njoro na Elburgon. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya pareto. Kando ya ghala, baba yangu Mwaura alikuwa akifanya mazoezi yake ya kila siku. Anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa tena, kisha anapiga kwata hadi kwenye ua na kurudi, fimbo begani. Alikuwa amekaribia miaka sitini, na vijana wengi pale shambani hawakuweza kusimama wima kama yeye.

Watu walimwona wakadhani ana nguvu za ajabu. Mimi niliyebaki naye baada ya mama kufa nilijua zaidi. Risasi ilimpiga gotini kule Tanganyika, katika vita vya kwanza vya Wajerumani, na daktari wa jeshi akamwonya kwamba siku atakayoacha kulikunja goti hilo, litakauka. Basi hakuacha. Jioni nilimkanda kwa maji moto, naye akiuma meno ili asitoe sauti.

Mzee Koskei alikuwa ameketi kwenye gogo akimtazama. Alikuwa Mkipsigis, mtunza farasi wa shamba, na walikuwa vitani pamoja. Yeye alikuwa amejiachia. Mgongo ulipinda, pumzi ilikuwa fupi, na bila mkongojo hakufika popote.

"Mwaura, vita viliisha," alimwambia. "Huyo afande aliye kichwani mwako hakupi likizo?"

"Wewe kaa hapo uoze," baba akajibu, na wote wawili wakacheka. Kisha wakanywa chai, kikombe kimoja, kama kawaida yao.

Hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa. Ghala la shamba la jirani lilikuwa limechomwa na waasi wa msituni, na Wakikuyu wengi walikuwa wamepakiwa kwenye magari ya moshi kurudishwa rizavu, kwenye ardhi tuliyotengewa na serikali. Tulijua zamu yetu iko njiani. Hata hivyo mtu hupepeta mahindi yake.

Malori mawili yaliingia kabla sijamaliza.

Askari walituzunguka. Wanaume upande huu wa zizi, wanawake upande ule. Askari mmoja alimwendea Koskei kwenye gogo, wakasemezana kidogo, na Koskei akajikokota kwenda zake. Kabila lake halikuwa likitafutwa siku hiyo.

Mkalimani aliniita nyuma ya lori. Alikuwa Mkikuyu mwenzetu, mtu mzima, mwenye uso uliochoka. Kando yake alisimama afisa wa kizungu, kijana tu, pua imebabuka kwa jua.

"Tunasikia kuna mtu anayefundisha watu kwata hapa," mkalimani akasema. "Ni nani?"

Nilidhani ukweli utatuokoa.

"Hafundishi mtu," nikasema. "Ni baba yangu. Ananyoosha viungo tu. Alikuwa askari wenu."

Nilisema kwa majivuno. Mkalimani alinitazama kwanza, ndipo akatafsiri. Kijana akaandika.

Wakamwita baba.

Alitoa karatasi zake za jeshi, zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Afisa hakuzitazama. Alionyesha lango kwa kidole: nenda hadi pale, urudi.

Mkalimani aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Nilikuwa karibu, nikamsikia akinong'ona kwa Kikuyu: "Mzee, chechemea. Wasiojiweza wanapelekwa rizavu na jamaa zao. Wazima wanakwenda kambini."

Baba alisikia. Najua alisikia, kwa sababu alimtazama usoni.

Kisha akaweka kitambaa mfukoni, akanyoosha mabega, akaenda.

Hakuchechemea. Hatua zilikuwa sawa kama za gwaride. Kwenye lango aligeuka kwa kisigino cha mguu ule ule mbovu. Aliporudi alipiga saluti, na ni mimi peke yangu niliyeona jasho likimtiririka nyuma ya sikio.

"Huyu ni mzima," mkalimani akatafsiri, macho chini.

Walipompandisha lori niliruhusiwa kumpa blanketi. "Baba, kwa nini hukuchechemea?"

"Nijikokote mbele ya mtoto kama yule?" akasema.

Walimpeleka kambi moja upande wa Longonot. Kazi ilikuwa kuvunja mawe na kuyabeba kwa kichwa, mbiombio. Mimi nilipelekwa rizavu kwa mjomba. Zaidi ya miaka miwili baadaye mwenye shamba aliomba wachumaji wa pareto warudishwe, nikarudi, na huko ndiko nilikoletewa baba juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nilimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Goti lilikuwa limekauka kabisa, na yule mtu mrefu nilimbeba mikononi kumwingiza ndani.

Nilimlisha, nilimwogesha, nilimpeleka choo. Siku moja, kati ya vijiko vya uji, akauliza, "Njeri, nani aliwaambia juu ya mazoezi yangu?"

Kumbe kwa muda wote ule alikuwa akilitafuna swali hilo.

"Nilimwona Mzee Koskei akiongea na askari," nikasema.

Ilikuwa kweli kwamba niliwaona. Sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo.

Koskei alifika juma lile na kibuyu cha maziwa. Alipumzika mara tatu kwenye mteremko ule mfupi. "Mwaura, ni mimi," akasema mlangoni.

Baba akageukia ukuta.

"Amelala?" Koskei akaniuliza, ingawa macho ya baba yalikuwa wazi na aliyaona.

"Amechoka, mzee," nikasema.

Alikuja mara nne. Baba hakuyaonja maziwa, wala hakutaja jina lake tena. Alikufa kabla ya mvua ndefu, na kwenye mazishi Koskei alisimama mbali, nyuma ya wote.

Miezi kadhaa baadaye nilisikia kwamba Koskei naye hainuki kitandani. Nilikwenda kumwambia ukweli. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mikono ikahesabika, na hata kabla sijaketi akaniuliza kilichokuwa kikimla.

"Baba yako, mwishoni, alisema nini juu yangu?"

Nilimtazama. Pumzi yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Alikuulizia," nikasema. "Alikuulizia kila siku."

Koskei akatabasamu, akanishika mkono, akanishukuru. Alinishukuru mara mbili.